Kulala juu ya ziwa

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)



Nikikuambia kwamba wako watu wanaolipa fedha zao ili wakalale katikati ya ziwa, si ndani ya mashua bali ndani ya nyumba, na tena wafike huko kwa gari, utasema leo nimetia chumvi. Sikutia hata chembe.

Mambo hayo yako Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani linalopakana na Kanada. Wenyeji huliita nchi ya maziwa elfu kumi, na hapo wamejipunja, maana maziwa yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea yanapita 11,000. Huko wanaishi maelfu ya ndugu zetu wa Afrika Mashariki, hasa katika miji ya Minneapolis na St. Paul. Mmoja wao ni mpwa wangu, na habari ya leo ilianzia kwake.

Majira ya baridi huko, usiku joto huweza kushuka hata nyuzi 30 chini ya sifuri. Ziwa huganda juu, lakini haligandi lote. Maji yana tabia yake: yakiganda huwa mepesi na kuelea, na yaliyo mazito kuliko yote ni yale ya nyuzi 4, nayo hutulia chini. Basi barafu hukaa juu kama blanketi, na samaki huendelea na shughuli zao huko chini kana kwamba hapana lililotokea.

Hapo ndipo biashara inapoanza. Mwenye mali huburuta vibanda vyake hadi ziwani, kila kimoja kina vitanda, jiko la gesi, taa na meza. Sakafuni kuna matundu, na chini ya kila tundu barafu hutobolewa kwa keekee. Mgeni hukodi kwa usiku mmoja au zaidi, akapelekwa kwa gari la minyororo, akateremsha mshipi wake huku amekaa kitini bila koti. Akisinzia, mshipi huachwa kwenye kigurudumu chenye njuga. Samaki akivuta, njuga hulia, na kibanda kizima huamka mbiombio. Anayetafutwa zaidi ni walleye, samaki ambaye macho yake hung'aa gizani, aliyetangazwa mwaka 1965 kuwa samaki rasmi wa jimbo hilo. Akivuliwa saa nane za usiku, saa nane na nusu yumo kikaangoni.

Raha, sivyo? Lakini tujiulize: mgeni huyu amelipia nini hasa? Kitanda anacho kwake. Samaki wako sokoni. Anacholipia ni neno la mwenye kibanda kwamba sakafu ya ziwa itamhimili mpaka asubuhi.

Sakafu hiyo ina vipimo vyake. Idara ya maliasili ya jimbo huwashauri watu wasitembee juu ya barafu iliyo chini ya inchi 4. Gari dogo lataka inchi 9 au 10, na gari kubwa lataka zaidi ya futi moja. Hapo ni barafu mpya iliyo angavu. Ile nyeupe yenye theluji ndani yake haina nguvu hiyo. Tena unene haulingani ziwa zima. Penye mkondo barafu ni nyembamba, na upepo ukivuma huweza kufungua ufa pale ulipopita jana. Hata ndani ya kibanda pana hatari: hita ya gesi isipopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu usingizini.

Mnamo Desemba 2023 mpwa wangu na wenzake watatu walikodi kibanda kwa usiku mbili. Walichanga fedha, wakaomba ruhusa kazini, wakanunua mabuti. Siku moja kabla ya safari mwenye kibanda akapiga simu: "Barafu yangu haijatosha. Nawarudishia fedha zenu." Vijana wakakasirika. Walikuwa wameona picha za watu wengine wakivua wiki hiyo hiyo. Mpwa wangu akanipigia kunilalamikia kwamba mzee yule ni mwoga na hajui biashara.

Nami, nakiri, nilimuunga mkono.

Tarehe 29 ya mwezi huo huo, katika ziwa jingine, Upper Red Lake, pande kubwa la barafu lilikatika likaelea na wavuvi juu yake. Waliookolewa walizidi 100. Mwaka mmoja nyuma, Novemba 2022, watu wapatao 200 walikuwa wamekwama vivyo hivyo ziwani humo. Na majira yale ya 2023 hadi 2024 yalikuja kuwa yenye joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika jimbo hilo. Wenye vibanda wengi walipata hasara.

Sasa, ndugu msikilizaji, je, barafu ya yule mzee ingevunjika? Hakuna ajuaye. Pengine ingewahimili vijana wale, wakarudi na samaki wao na kicheko. Ndiyo maana kazi ya mwangalifu haina shukrani. Akikosea, wote wanaona. Akipatia, hakuna kinachoonekana, kwa sababu halikutokea lolote. Kilichoonekana ni hasara yake tu na hasira za wateja.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale ziwani mambo yamegeuka: mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni, kwa kumwambia asije. Basi iwapo kesho nahodha atakukatalia kuvuka, au dereva atakataa kuondoka na gari asiloliamini, usikimbilie kumwita mwoga. Kwanza tazama nani amepoteza fedha kwa neno lake. Ikiwa ni yeye mwenyewe, msikilize.

Mpwa wangu alikwenda mwaka uliofuata, kwa mzee yule yule. Anasema samaki hawakuuma, ila alilala usingizi mzuri.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.