Mtoto Anayenyamaza Darasani
Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Bunia, na kikundi chetu kinachofuatilia usemi wa watoto katika masomo

Mlituomba tueleze kazi tunayofanya katika masomo ya mji huu, ili kila mmoja ajue franka yake inafanya nini. Tutasema, kisha mtatuuliza.

Kazi yetu ni kumsaidia mtoto ambaye kusema kunamshinda. Kwa Kifaransa mtu wa kazi hiyo anaitwa ortofonisti. Kwetu hawapatikani kama walimu au wauguzi wanavyopatikana. Mmoja wetu alijifunza kazi hii ukimbizini, Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, ambapo mafunzo yake yalianza 2008. Sisi wengine ni walimu na wazazi, na tulijifunza kwake. Tunaingia darasani, tunakaa nyuma, tunasikiliza. Kisha tunakwenda nyumbani kwa mtoto, tunasikiliza tena. Kusikiliza ndiyo nusu ya kazi.

Juu ya nini chama cha watu waliorudi kijishughulishe na mambo hayo? Ni kwa sababu watoto wetu wanarudi na lugha ambazo mwalimu wao hazijui. Mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2018, wakati watu wa Djugu walipovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda. Wengi walipelekwa kambi ya Kyangwali. Mtoto aliyevuka akiwa mgongoni mwa mama yake alikulia kule, akasoma kwa Kiingereza, akacheza kwa Kinyoro na kwa Kiswahili cha kambi. Leo anarudi Bunia, anaingizwa katika darasa la Kifaransa lililojaa watoto, kwa maana tangu 2019 masomo ya primeri ni ya bure na madawati hayakuongezeka kama watoto walivyoongezeka. Mwalimu anamuuliza neno, anakaa kimya. Anamuuliza mara ya pili, anakaa kimya. Mara ya tatu mwalimu ameshakata maneno: «Hii mutoto hana akili.»

Katika shule moja ya mjini, mtoto wa miaka 10 alirudishwa mwaka wa kwanza kwa sababu hiyo. Tulikaa naye chini ya mti, tukampa hesabu za kugawanya. Alizimaliza zote, akiandika kwa kidole mavumbini. Katika imla alikuwa anapata sifuri, tukataka kujua sababu. Mwalimu akitaja herufi «i», yeye anaandika «e». Alikuwa anasikia vizuri kabisa! Kwa Kiingereza jina la herufi «e» linatamkwa «i». Alikuwa anaandika vile alivyofundishwa kule Uganda. Mwalimu wake alipoelewa hivyo alicheka, kisha akaanza kumwonyesha herufi ubaoni mbele ya kuitaja. Hakuna dawa iliyotumika pale.

Kwa hiyo swali letu la kwanza kwa mzazi ni hili: «Mama, ku nyumba munasemaka lugha gani?» Na la pili: «Katika lugha hiyo, mutoto anasemaka muzuri?» Kama anamsimulia bibi yake hadithi na bibi anaelewa, kama anagombana na ndugu zake na wote wanaelewana, mtoto huyo hana ugonjwa wa usemi. Anajifunza lugha mpya tu. Mgeni katika lugha anaweza kunyamaza miezi kadhaa akikusanya maneno. Kuzungumza na wenzake uwanjani kutachukua kama miaka 2, na lugha ya vitabu itachukua zaidi. Tatizo la kweli la usemi linaonekana katika lugha zote za mtoto, hata ile ya mama yake.

Vilevile na matamshi. Kuna lugha ambazo «r» na «l» hazitenganishwi kama katika Kiswahili. Mtoto wa lugha hiyo akisema «kurara» badala ya «kulala», wenzake wanacheka, lakini ulimi wake ni mzima. Wala si kweli kwamba lugha nyingi zinamchanganya mtoto akili. Hapa Ituri mtoto anakua na Kialuri au Kibira, Kihema, Kilendu, Kingiti, Kinyali, na Kiswahili juu yake, na wazee wetu walikua hivyo hivyo.

Lakini wapo watoto ambao tatizo lao liko mwilini, na hao wasipoteze wakati. La kwanza ni masikio. Sikio linatoa usaha, watu wanasema: «Ni mambo ya watoto, itapita.» Wandugu, usaha ukipita majuma mawili, sikio hilo linahitaji muganga. Tusitie mafuta, wala majani, wala maji ya moto. Mtoto asiyesikia vizuri anakosa miisho ya maneno, na mwalimu anadhani hafuati. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, na dawa fulani za sindano kama jentamisini vinaweza pia kuharibu masikio. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: simama nyuma ya mtoto asipokuona, mwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka mara kadhaa, mpeleke apimwe. Jaribio hilo halichukui nafasi ya vipimo vya hospitali, linakuambia tu usikawie.

La pili ni kigugumizi. Kati ya watoto 100, karibu 5 wanapitia kigugumizi, na wengi wao kinawaachia wanapokua. Katika watu wazima anabaki kama mmoja kati ya 100. Si laana, si mtoto kuiga mwenzake, si kufurukutwa kwapani alipokuwa mchanga. Ukimwambia «sema haraka» unakiongeza, na ukimmalizia neno lake unamnyang'anya. Mngoje, mtazame machoni, sikiliza anachosema. Walimu wamejaribu kumwachia asome kwa sauti pamoja na mwenzake, wawili kwa mara moja, na mara nyingi maneno yanatoka bila kukwama.

Na tunaomba jambo moja kwa nguvu: tusikate kimio cha mtoto wala chini ya ulimi wake kwa wembe wa mtaani ili «aanze kusema». Kukata hakumfundishi mtu lugha. Kunaleta damu nyingi na vidonda, na mtoto anabaki vile alivyokuwa.

Sasa tufike kwenye lile linalotuumiza sisi wote. Wapo watoto wanaosema vizuri nyumbani, wanasikia vizuri, wanajua Kiswahili, lakini wakivuka mlango wa darasa hawatoi hata neno moja. Tuliwauliza wazazi, na jibu tulilolipata mara nyingi ni hili: «Njiani tulimwambia asiseme.» Tangu Desemba 2017, na hata mbele yake katika vita vya 1999 hadi 2003, katika jimbo letu neno moja la kinywani lilitosha kuonyesha mtu ametoka upande gani. Mzazi aliyemfunga mtoto mdomo alikuwa anamwokoa. Lakini mtoto hajui hatari inaishia wapi. Hakuna aliyemwambia kwamba sasa anaweza kusema.

Mtoto huyo halazimishwi. Fimbo inathibitisha tu kile alichokuwa anaogopa. Tunamwomba mwalimu amruhusu kwanza ajibu kwa kidole, au kwa kuandika. Kisha amnong'oneze rafiki mmoja, kisha wawe watatu, kisha safu nzima. Inakwenda polepole, wengine muhula mzima. Na mzazi ndiye anayepaswa kumwambia kwa kinywa chake, katika lugha ile ile aliyomkataza: «Pale unaweza kusema.» Lakini wazazi, hatuwezi kumwambia hivyo kama uani kwetu tunacheka lugha ya jirani. Watoto wa kila upande wanakaa dawati moja. Wanachosikia kwetu jioni wanakipeleka darasani asubuhi.

Tunayoyaomba kwa niaba ya watoto hawa yamo katika sheria. Sheria ya elimu ya taifa ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali kutumika katika kufundisha. Kwa hiyo mwalimu akimfafanulia mtoto kwa Kiswahili hakosi kitu. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu, na kiziwi yumo. Shule ikisema «mutoto wa vile hatumupokee», mtuite, tutakwenda pamoja kuongea na mkubwa wa shule.

Kwenu marafiki mnaotoa msaada: tunajua jengo linaonekana kwenye picha, na kazi yetu haionekani. Pesa yenu inalipa vipimo vya masikio, pikipiki ya kutufikisha katika shule za pembeni ya mji, karatasi, chaki, na siku za kukaa na walimu. Tunachohitaji zaidi ni muda. Mtoto tuliyemwona mara moja tu hatujamsaidia. Mkitusaidia mwaka mzima kwa kidogo, ni afadhali kuliko mara moja kwa kingi.

Na ninyi mnaojiandaa kurudi, au mlio na ndugu bado kule ng'ambo ya ziwa: waambieni wasitupe ripoti za shule za Uganda, hata kama zimeraruka. Karatasi hiyo inaonyesha mtoto alifika darasa gani, na imeshawaokoa wengine wasirudishwe mwaka wa kwanza. Mkifika, mwandikisheni mtoto kwetu mbele ya masomo kuanza, ili tumwone yeye na mwalimu wake mapema.

Sasa maswali.