Tule Yai, Tupambe Ganda



Leo tunazungumza juu ya mti wa Pasaka. Mti wa Krismasi tunaujua. Huu wa Pasaka wengi wetu hatujauona. Ni desturi ya Ujerumani. Pasaka ikikaribia, watu wa huko hutundika maganda ya mayai yenye rangi kwenye mti wa uani, au kwenye vijiti vilivyosimamishwa mezani ndani ya chombo.

Kwa nini mayai? Zamani Wakristo wa huko hawakula mayai wakati wa Kwaresima. Lakini kuku hajui Kwaresima, yeye hutaga tu! Basi Pasaka ilipofika mayai yalikuwa tele. Tena, kifaranga akitoka katika ganda, Wakristo hukumbuka kaburi lililobaki wazi.

Katika mji wa Saalfeld, uliokuwa Ujerumani ya Mashariki, familia ya Bwana Volker Kraft ilianza mwaka 1965 na mayai 18 ya plastiki. Mti ulikuwa mdogo, wa tufaha. Mti ukakua, mayai yakawa hayatoshi. Familia ikaacha kuvunja mayai ya jikoni. Iliyatoboa, ikapika ute na kiini, ikatunza maganda. Mwaka 2012 mayai ya mti ule yalifika 10,000. Watu walitoka mbali kuutazama. Familia iliupamba mara ya mwisho mwaka 2015.

Sasa, wapo watakaotuuliza: "Mtoto hana yai la kula, ninyi mnatundika mayai?" Swali hilo ni la haki. Yai ni chakula cha kujenga mwili. Kama mtoto hajala, mti usubiri. Lakini tazameni familia ile ilivyofanya. Yai lililiwa kwanza. Kilichopambwa ni ganda, ambalo sisi tunalitupa jalalani.

Haya, tufanyeje?

Kwanza, osha yai kwa maji na sabuni. Toboa tundu dogo juu na jingine kubwa kidogo chini, kwa sindano safi. Ingiza sindano, pasua kiini.

Pili, puliza kwa juu, yaliyomo yatoke chini yaingie bakulini. Usimeze yai bichi, maana linaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Yapike siku hiyo hiyo, yaive vizuri, watoto wale.

Tatu, suuza ganda ndani. Lichemshe kidogo katika maji, kisha likaushe.

Nne, rangi. Chemsha maganda makavu ya vitunguu mpaka maji yawe mekundu ya udongo. Ukitaka rangi ya njano, tumia manjano ya jikoni. Ongeza siki kidogo, rangi ishike. Ganda tupu huelea, kwa hiyo lijaze maji hayo ya rangi na ulikandamize kwa kijiko. Mayai meupe hushika rangi vizuri kuliko ya kahawia.

Tano, kitanzi. Vunja njiti ya kiberiti isiyo na baruti, funga uzi katikati yake. Isukume yote ndani ya tundu kwa urefu, halafu vuta uzi. Njiti italala kwa upana, haitatoka. Ganda litaning'inia.

Mti wenyewe je? Msikate mti mzima! Vijiti vilivyopunguzwa shambani vinatosha. Visimamishe kwenye kopo lenye mchanga.

Ndugu zetu, anayetaka kupamba nyumba si lazima abebe fedha dukani. Mayai manne ya mwaka huu, matano ya mwakani, ndivyo mti unavyojaa. Watunzieni watoto maganda yao ndani ya boksi lenye majani makavu, kila mmoja aandike jina lake na mwaka juu ya ganda lake. Kuandika tumekwisha jifunza, basi tuwaonyeshe.