Jina ni la Umma, Nyumba ni Yake: Ulinzi wa Taarifa Binafsi za Watumishi wa Mahakama na Halmashauri

Tarehe 19 Julai 2020, katika jimbo la New Jersey, Marekani, wakili aliyewahi kuwa na kesi mbele ya Jaji Esther Salas alibisha hodi nyumbani kwa jaji huyo akijifanya mleta vifurushi. Alimuua kwa risasi Daniel, mtoto wa pekee wa jaji, kijana wa miaka 20, akamjeruhi vibaya baba wa kijana huyo. Mahali anapoishi jaji alikuwa ameshapajua. Mwaka huohuo jimbo likapitisha Sheria ya Daniel: jaji, mwendesha mashtaka au askari akidai anwani au simu yake ya nyumbani iondolewe hadharani, aliyeiweka ana siku 10 za kazi kuiondoa.

Sisi Tanzania tunayo Ibara ya 16 ya Katiba, ya haki ya faragha, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023 na kuunda Tume yake. Inamlinda kila mtu, karani wa masijala na mtendaji wa kata wakiwemo.

Lakini dawa ya New Jersey haimtoshi mtendaji wa kata. Yeye anaishi palepale anapofanyia kazi. Mwenye mgogoro wa mpaka wa shamba anaijua nyumba yake tangu zamani, hata mbuzi wake anawajua. Kinachoweza kufichwa ni kile ambacho jirani hakijui, na hicho kiko kwenye jalada lake la utumishi: cheki namba, akaunti ya benki, namba ya NIDA, vyeti vya hospitali, majina ya wategemezi.

Na jalada hilo, nasema bila kumung'unya maneno, tunalivujisha sisi wenyewe. Orodha ya waliopandishwa daraja inapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kituo, ikiwa na cheki namba na simu za watu. Baada ya hapo anapiga tapeli: "Mtumishi, malimbikizo yako yamekwama, nitumie kidogo niyasukume." Anakutajia cheki namba yako. Nani asingemwamini?

Tusivuke mpaka, hata hivyo. Jina la hakimu kwenye hukumu, cheo cha mtendaji, saini yake kwenye kibali: hivyo ni mali ya umma. Mtumishi atakayeitumia sheria hii kumkwepa mwananchi anayedai stakabadhi yake ataiharibia heshima.

Ninachopendekeza ni kidogo. Afisa utumishi, kabla ya kutuma orodha, aulize kila safu inamhusu nani, na isiyomhusu mpokeaji aifute. Kila ofisi ya kata na kila masijala ipewe simu ya ofisi, inayobaki mezani mtumishi akihama. Leo wengi wetu tunabandika namba zetu binafsi mlangoni, na tukihamishwa wilaya nyingine bado tunapigiwa usiku kuhusu kesi za kule tulikotoka.