Tuwafundishe Vijana Kuuliza: Nani Amesema, na kwa Nini?

(Hotuba kwa walimu walezi wa Y.C.S. na wazazi)



Walimu wetu, wazazi na ndugu wapendwa, tumekuja kutoka ofisi ya maendeleo kuzungumza nanyi juu ya somo ambalo halina kipindi chake katika shule zetu nyingi. Nalo ni hili: jinsi ya kusoma gazeti, kusikiliza redio, kutazama runinga na kupokea habari za simu.

Wazazi wengi hutuambia, "Haya mambo watoto wanatushinda sisi." Ni kweli, kubonyeza simu wanajua. Lakini kubonyeza ni kitu kimoja na kupima unachosoma ni kitu kingine. Anayejua kuwasha jiko bado hajajua kupika.

Wengine wanasema dawa ni kuwanyang'anya simu. Sawa, shuleni simu hairuhusiwi. Na likizo je? Shule zikifungwa, simu inamngoja mtoto nyumbani. Marufuku ya shule inaishia getini, lakini swali alilozoea kuuliza anatoka nalo na kwenda nalo popote.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, iitwayo Inter Mirifica. Humo ulitaka vijana wafundishwe kuvitumia vyombo hivi vizuri, na ukataja shule za Kikatoliki za kila ngazi. Miaka zaidi ya sitini imepita. Jameni, sisi tumefika wapi?

Tukumbuke pia yaliyotupata hapa Kenya. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu 1,133 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki. Tume hiyo, katika ripoti yake ya Oktoba 2008, ilisema kwamba baadhi ya redio za lugha zetu za nyumbani zilichochea chuki. Ujumbe wa simu nao ulipita mkono kwa mkono, na waliousambaza wengi walikuwa watu wa kawaida kama sisi. Lakini tarehe 3 Januari 2008 magazeti yetu makubwa yalitoka na kichwa kimoja cha kuomba nchi iokolewe. Basi ubaya hauko katika karatasi wala mtambo. Uko kwa anayesema, na kwa anayepokea bila kuuliza.

Wengi wa wanafunzi wa sasa walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Lakini wakubwa wao watapiga kura kwa mara ya kwanza Agosti 2027. Ndio maana tunasema tusingoje.

Sasa, tutafundishaje? Hatuhitaji kompyuta. Tunayo njia ya Y.C.S. tunayoijua wote, ile ya Kuona, Kuamua na Kutenda. Kipindi kimoja cha P.P.I. kwa wiki, dakika 40, chatosha kuanzia.

KUONA. Tafuteni magazeti mawili ya tarehe moja, hata kama ni ya mwezi jana. Wanafunzi wapime kwa rula: siasa imepewa nafasi gani? Mpira? Matangazo? Kilimo? Wahesabu picha: wanaume ni wangapi, wanawake wangapi, watu wa kijijini wangapi? Wasitoe maoni kwanza. Waone tu.

KUAMUA. Andikeni maswali manne ubaoni. Nani ametengeneza habari hii? Nani amelipa? Ni nani hakuulizwa? Nikiiamini, nitafanya nini?

Chukueni mfano wa tangazo la kamari redioni. Linatusimulia habari za mtu aliyeshinda. Hebu waulizeni vijana: walioshindwa siku hiyo wako wapi? Mbona hatusikii sauti zao? Na hiyo pesa ya kulipia tangazo imetoka mfukoni mwa nani? Hapo hamtahitaji kuhubiri. Darasa litajibu lenyewe.

KUTENDA. Wanafunzi watengeneze gazeti la ukutani, nakala moja kila wiki mbili. Sheria iwe moja: hakuna habari inayobandikwa kabla ya kusikiliza pande zote mbili. Wakitaka kuandika kwamba maji yamekosekana bwenini, wamsikilize mwanafunzi mwenzao, kisha waende kwa mhusika wa maji wamuulize kulikoni. Watajifunza wenyewe jinsi ilivyo kazi kusema ukweli, na jinsi ilivyo rahisi kuongeza chumvi.

Tunajua walimu wakuu wengine wataogopa. "Mnawafundisha watoto kutukosoa!" Tunawajibu kwa heshima: tumeona mabweni yakichomwa, hasa mwaka 2016, shule baada ya shule. Hatusemi gazeti la ukutani lingezuia moto wote. Tunasema mwanafunzi aliyezoea kuuliza na kujibiwa ana njia nyingine ya kusema kabla ya kiberiti.

Nanyi wazazi, kazi hii si ya mwalimu peke yake. Jioni mkisikiliza habari pamoja, muulize mtoto lile swali la tatu: ni nani hakuulizwa? Nawe ukitumiwa ujumbe wa kutukana kabila la jirani, usiusukume mbele. Mtoto anaangalia kidole chako kuliko anavyosikiliza mdomo wako.

Tunapendekeza tuanze Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni, ambayo Kanisa limeiadhimisha kila mwaka tangu 1967, Jumapili moja kabla ya Pentekoste. Kila shule ilete gazeti lake la ukutani parokiani, watu wasome baada ya Misa.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Ni habari gani tuliyoipokea mwezi huu na kuiamini bila kuuliza?
2. Ni watu gani wa kijiji chetu ambao sauti zao hazisikiki redioni wala gazetini?
3. Tutaisaidiaje shule yetu kupata magazeti ya kujifunzia?