MANENO YA FUNDI WA KARAKANA MKUTANONI

Ndugu wanachama, mnanung'unika kwamba biti mpya ya drili ni ghali kwa sababu ya rangi ya dhahabu. Ile si dhahabu wala urembo. Ni utandu wa nitridi ya titani: metali ya titani imeungana na nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta. Unene wake mikroni 2 hadi 4 tu, mwembamba kuliko unywele, lakini mgumu kuliko chuma cha biti yenyewe.

Ila joto likizidi nyuzi 500 hivi, huanza kuharibika. Basi tieni mafuta, msikandamize kwa pupa. Tena asiinoe mtu ovyo: jiwe likishakula utandu pale nchani, haurudi, na pesa ya chama imekwenda nao.