Kwa Mwendo wa Watoto

Leo nataka tuzungumze juu ya safari ya siku moja pamoja na watoto wetu wadogo, ya kwenda kuitazama nchi yetu ilivyoumbwa. Tutakwenda Hell's Gate, karibu na Naivasha, katika Bonde la Ufa. Maana ya jina hilo ni Lango la Jehanamu, na najua wako wazee wa kanisa ambao wakilisikia hukunja uso. Ni jina tu, wazee wangu.

Mbuga hii ilitengwa na serikali mwaka 1984, na humo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli. Mtaona punda milia na twiga. Nyati pia wako, basi mtoto asiachwe kutangulia peke yake.

Si mbali na lango, mwamba mmoja umesimama kama mnara. Unaitwa Mnara wa Fischer, kwa jina la Mjerumani aliyepita huko mwaka 1883. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka yaligandia ndani ya koo la volkano, kisha sehemu ya nje ikaliwa na mvua na upepo, koo likabaki. Mweleze mtoto hivyo hivyo, ataelewa. Lakini huenda asikusikilize kabisa, kwa kuwa hapo mwambani wanakaa pimbi, wale ambao Biblia yetu huwaita wibari, na kwa mtoto wa miaka minne pimbi mmoja ni bora kuliko volkano kumi. Hapo ndipo sisi wazazi tunapoanza kusema, "Haya, haya, twende!" Tumelipa kiingilio, tunataka kuona yote kabla jua halijatua.

Mnamkumbuka Yakobo katika Mwanzo sura ya 33. Esau alitaka waandamane, naye ana watu 400. Yakobo akamwomba atangulie, yeye afuate polepole, kadiri watoto na mifugo walivyoweza kwenda. Huenda Yakobo alikuwa na sababu nyingine za kutotaka kuandamana na nduguye! Lakini sababu aliyoitoa ilikuwa ya kweli.

Jambo hilo lina uzito zaidi mkifika kwenye korongo. Hapo zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko leo, na maji yake yalipotoka upande wa kusini yalichimba njia katika majivu na mawe ya volkano. Kuta ni ndefu, njia mahali pengine ni nyembamba sana, na maji moto hutiririka mwambani. Ni mahali pa ajabu kweli. Lakini mvua ikinyesha mbali, juu ya vilima msivyoviona, maji hukusanyika na kuteremka humo ghafula. Aprili 2012 watu 7 wa kundi la vijana wa kanisa walikufa humo kwa mafuriko. Septemba 2019 wakafa wengine 7, na mmoja wao alikuwa kiongozi mwenyeji aliyewaongoza wageni.

Basi, baba na mama, kabla ya kushuka waulizeni askari wa mbuga kama korongo liko wazi na kama mvua imenyesha popote. Tazameni na mawingu ya mbali. Mkiwa na mashaka, msishuke. Mtoto atalia, na mjomba aliyekuja na kamera atanung'unika. Mwacheni anung'unike. Mtoto wa miaka mitano hawezi kupanda ukuta ule upesi kuliko maji, wala wewe huwezi ukiwa umembeba mgongoni.

Na siku haitapotea. Tafuteni kivuli, mfungue chai na viazi vitamu. Mkiona jiwe jeusi ling'aalo kama chupa, limetoka katika moto ule ule. Mtoto alitazame bila kulichukua, na kingo zake hukata. Kisha mwonyesheni mvuke wa Olkaria unaopanda kutoka ardhini. Tangu mwaka 1981 mvuke huo huzungusha mitambo ya umeme, nao umeme huo huwasha taa mijini na vijijini.

Mtoto atauliza, "Baba, moto bado uko huko chini?" Mwambie ndiyo, bado uko.

Hadi juma lijalo, wapenzi wasikilizaji, kwaherini.