Kimya Kinachouzwa: Nafasi ya Mwananchi katika Kambi za Kitalii za Kifahari

Hotuba hii ilitolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wananchi wa kata. Inachapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

  

Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kambi na loji za kifahari zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Sababu mnaijua. Mwezi ujao mikutano mikuu ya vijiji vyetu viwili itajadili ombi la mwekezaji anayetaka kuweka kambi kwenye uwanda ulio kando ya kijito, mahali ambapo mifugo hunyweshwa wakati wa kiangazi. Sikuja kuwaambia mkubali, wala sikuja kuwaambia mkatae. Uamuzi huo ni wenu. Nimekuja kueleza kambi ya kifahari ni bidhaa ya namna gani, ili atakayenyoosha mkono anyooshe akijua anachokiamua.

Naomba nianze na kisa changu mwenyewe. Nilipohitimu stashahada, kabla sijaajiriwa na Halmashauri, nilibeba mizigo ya wageni kwa miezi minne katika kambi moja ambayo sitaitaja. Jioni moja mgeni mmoja, mama mtu mzima na mpole, alikuwa ameketi mbele ya hema lake akitazama jua likizama. Akauliza, "Ng'ambo ya kile kilima wanaishi nani?" Mwongoza wageni akajibu bila kusita, "Hakuna mtu, mama. Ni pori tupu."

Mimi nilikuwa nimesimama pale, sanduku begani. Ng'ambo ya kilima kile ndiko anakoishi shangazi yangu. Usiku uleule alikuwa kwenye kibanda chake cha kulindia mahindi, na debe bovu na tochi mkononi, akisubiri tembo. Sikusema neno, nilikuwa kibarua, na kibarua hubeba sanduku. Lakini jibu lile limenikaa moyoni hadi leo, kwa kuwa ndani yake ndimo ilimo hoja yangu yote.

Ndugu wananchi, kambi ya kifahari mara nyingi ina mahema machache tu, pengine manane au kumi na mawili. Hema limeinuliwa juu ya jukwaa la mbao, lina kitanda kipana, bafu ya maji moto na umeme wa jua. Wafanyakazi mara nyingi ni wengi kuliko wageni. Zipo kambi zinazotoza zaidi ya dola 1,000 za Marekani kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Sasa jiulizeni: je, ni kitanda kinacholipiwa fedha hiyo? Kitanda kizuri kinapatikana Mwanza kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Anachokinunua mgeni ni kimya. Ananunua giza la usiku lisilo na taa ya jirani, upeo wa macho usio na bati wala uzio, na nyumbu wanaopita mbele ya hema bila kuswagwa na mtu.

Kimya hicho hakikujileta. Kimetengenezwa na askari wa wanyamapori wanaolala porini. Kimetengenezwa pia na wanavijiji waliokubali kutolima mahali fulani, kutochunga mahali fulani na kutokata kuni mahali fulani. Kimetengenezwa na shangazi yangu, anayepoteza mahindi yake na bado hamdhuru tembo. Pori lile si tupu. Ni pori lililoachwa wazi na watu, na watu hao ni sisi. Kwa hiyo mwananchi anapoketi kuzungumza na mwekezaji, asiketi kama mwombaji. Ni mshirika aliyekwisha kutoa mtaji wake.

Biashara hii haikuwa hivi siku zote. Kizazi cha wazazi wetu kilizoea loji kubwa za Serikali, kama zile za Seronera na Lobo, zilizojengwa kwa ustadi katikati ya miamba mikubwa ya Serengeti. Loji za namna hiyo zina vyumba vingi, na faida yake hutegemea wingi wa wageni. Kambi za siku hizi zimechukua njia nyingine: wageni wachache, bei kubwa, na eneo kubwa lisilo na watu. Ndiyo maana zinaitazama ardhi iliyo nje ya hifadhi, yaani ardhi yetu. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka Serengeti kila mwaka bila kujua mpaka wa hifadhi uko wapi, na kati ya Mei na Julai wengi wao hupita upande huu wa magharibi.

Fedha ya kambi humfikia mwananchi kwa njia gani? Njia ya kwanza ni Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, ambazo wengi huziita WMA. Katika Wilaya ya Serengeti tunayo Ikona, inayounganisha vijiji vitano. Jumuiya ndiyo inayoingia mkataba na mwekezaji, naye hulipa ada ya eneo na ada ya kila kitanda kinacholaliwa. Tangu kanuni za mwanzo za mwaka 2002, iliwekwa kwamba si chini ya asilimia 50 ya mapato ya jumuiya iende kwenye vijiji wanachama, na sehemu nyingine igharamie uhifadhi na uendeshaji. Njia ya pili ni ushuru wa huduma unaolipwa Halmashauri, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo ya kampuni. Ushuru huo huingia katika mapato ya ndani, na ni katika mapato hayo sheria inaagiza asilimia 10 itengwe kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, na mbili kwa watu wenye ulemavu. Njia ya tatu ni ajira na manunuzi.

Njia hii ya tatu ndiyo tunayoizungumzia kidogo, na ndiyo tunayoipoteza zaidi. Katika miezi ile minne niliona gari la mizigo likifika kutoka Arusha likiwa na nyanya, mayai, vitunguu na kabichi. Lilipita barabara ileile ambayo mama zetu wamepanga nyanya pembeni. Nilimwuliza mpishi kwa nini hanunui hapo. Akaniambia kwa upole, "Mdogo wangu, leo nitapata ndoo tano, kesho nitakosa hata moja. Na mhasibu anataka risiti." Hilo si tusi. Ni sharti la biashara, na linaweza kutimizwa. Kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti ya benki, kinachopanda kwa zamu ili mavuno yasikatike, kina nafasi ya kuuza. Mtu mmoja mmoja hana. Maafisa ugani wa kata wapo kusaidia kupanga zamu hizo, na maafisa maendeleo ya jamii wapo kusaidia usajili.

Kwa vijana, ajira ya kambi haiishii kwenye kubeba mizigo na kufyeka nyasi. Zipo nafasi za mpishi, fundi wa umeme wa jua, fundi magari, mhasibu na mwongoza watalii. Lakini nafasi hizo hudai cheti. Kipo Chuo cha VETA cha Hoteli na Utalii, Njiro, Arusha, na kipo Chuo cha Mweka, kilichofundisha wahifadhi tangu mwaka 1963. Mkataba unaweza kumtaka mwekezaji asomeshe vijana kadhaa wa kijiji kila mwaka. Jambo hilo haliombwi baada ya kusaini, huandikwa kabla.

Nitakuwa sijawatendea haki nikinyamazia upande wa pili. Utalii ni mto wa msimu. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa Februari 1977, loji za kaskazini zilizozoea wageni waliopitia Nairobi zilipungukiwa sana, na mpaka haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Hivi karibuni zaidi, watalii wa kimataifa waliofika nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoenea duniani, walikuwa 620,867. Mwaka 2024 wakafika 2,141,895. Idadi imepanda tena, na tunashukuru. Lakini kijiji kilichotegemea kambi peke yake kilijifunza mwaka 2020 kwamba kitanda kisicholaliwa hakilipi ada. Ng'ombe anahitaji maji mwaka wa watalii wengi na mwaka wa watalii wachache.

Kuhusu wanyama waharibifu, mnafahamu kuwapo kwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia iliyofiwa. Jina lenyewe linasema: hii si fidia, na haifikii thamani ya kilichopotea. Hata hivyo ni haki yako kuiomba, na wengi wanaikosa kwa kuchelewa. Shangazi yangu aliikosa mwaka mmoja kwa sababu alivuna masalia kabla tathmini haijafanyika. Tembo wakiingia shambani, toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyohiyo, na usiliguse shamba mpaka afisa wanyamapori alione.

Sasa nirudi kwenye mikutano ya mwezi ujao. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Kabla ya mkono wowote kunyooshwa, ninashauri maswali haya yajibiwe hadharani, na majibu yaandikwe katika muhtasari.

Kwanza, mkataba ni wa miaka mingapi, na unaweza kupitiwa upya lini?

Pili, malipo yataingia akaunti ipi, tarehe ipi, na kiwango cha chini ni kipi hata mwaka ambao wageni hawakuja?

Tatu, mifugo itapita wapi kwenda kijitoni mwezi Agosti na Septemba? Njia hiyo ichorwe kwenye ramani. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Nne, kambi itapata wapi maji yake, na maji machafu yatakwenda wapi? Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, imefanyika, na wananchi wameielewa?

Tano, ni ajira ngapi, za ngazi gani, na mwekezaji atanunua nini kijijini?

Mwekezaji mwema hatakwazwa na maswali haya. Atafurahi, kwa maana mkataba ulioeleweka ndio unaodumu, na jirani aliyeridhika ndiye mlinzi wa kwanza wa wanyama. Na mkishakubali, kazi haijaisha. Taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa mbele yenu kila baada ya miezi mitatu. Isiposomwa, idaiwe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Namalizia. Mwaka jana nilimtembelea shangazi. Tulikaa nje usiku, taa za kambi zikionekana kwa mbali kama nyota zilizoshuka. Nikamsimulia habari ya yule mgeni na swali lake. Alicheka, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, siku nyingine ukiulizwa, waambie tupo. Waambie tena kwamba tembo wao tunawajua kwa majina."

Ndugu wananchi, mwezi ujao mtaulizwa swali lilelile kwa namna nyingine. Tafadhali fikeni, kaeni mbele, na mjibu kwamba mpo.



Nakala za ombi la mwekezaji na ramani ya eneo linaloombwa zinapatikana bila malipo katika ofisi za watendaji wa vijiji husika na ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata, siku za kazi. Asiyeweza kusoma atasomewa.